Mstari wa Arobaini na Saba

Jumatatu, 5 Mei 2025, Mbinga

Ofisini tumeambiwa tuandike kumbukumbu za msimu wa mwera, ule upepo wa kusini unaochafua ziwa kuanzia sasa mpaka Agosti. Za ofisi nitaziandika kwenye kompyuta, kwa lugha ya ofisi. Hizi ni zangu mimi, Flavia Ndunguru, miaka ishirini na saba, stashahada ya kompyuta, mzaliwa wa Mkumbi, mtu wa milimani nisiyejua kuogelea, ambaye ndiye ninayewaambia wavuvi wa Ziwa Nyasa lini wasiingie majini.

Kazi yenyewe si ngumu. Mradi una orodha za wavuvi wa vijiji thelathini na kimoja. Kila kijiji kina faili lake, na kila mvuvi mwenye chombo ana mstari wake: jina, kisha namba ya simu. Utabiri ukileta upepo mkali, naandika amri moja kwenye dirisha jeusi la kompyuta. Programu niliyoiandika mwenyewe mwaka jana inasoma kila faili mstari kwa mstari na kumtumia kila mtu ujumbe wa tahadhari. Ina mistari sita tu. Mratibu wetu, Bwana Rodrick, alipoiona alicheka kwa furaha. "Flavia, hii hata ikitaka kuharibika haina pa kuharibikia."

Nilijivuna wiki nzima.

Jumatano, 14 Mei

Ukungu mpaka saa nne. Hakuna upepo. Mama kapiga simu, kahawa imeanza kuiva.

Alhamisi, 22 Mei

Mwera wa kwanza. Ujumbe 1,412 kwa dakika tatu. Nikaenda kunywa chai.

Jumatatu, 2 Juni

Mzee Wilfred, katibu wa wavuvi wa Lipwaha, kanipigia. Ndiye anayetuma orodha ya kijiji chake. Huiandika kwenye simu yake na kunitumia.

"Kuna mama hapa, Ottilia, ana mtumbwi wake. Tulimwandikisha Machi. Anasema hajapata ujumbe hata mmoja."

Nikafungua faili la Lipwaha. Kuna amri ndogo ya kuhesabu mistari, herufi tatu na kistari kimoja, wc -l. Ikajibu 46. Nikaangalia idadi ya ujumbe uliotumwa Lipwaha: 46. Zimelingana.

"Mzee, wote wanatumiwa. Mwambie afute ujumbe wa zamani, labda simu imejaa."

"Lakini kwenye daftari langu wako arobaini na saba."

"Hesabu tena, mzee. Mashine haikosei kuhesabu."

Akasema sawa mwanangu, akakata.

Jumanne, 10 Juni

Baridi kali. Tumekaa ofisini na makoti. Bwana Rodrick kaleta mkaa wake mwenyewe kutoka nyumbani ili tupate moto. Ni bosi mzuri. Ametoka Bukoba, na hapa Mbinga amejifunza salamu za Kimatengo vizuri kuliko baadhi ya watu waliozaliwa hapa.

Jumatano, 18 Juni

Siwezi kuandika vizuri.

Juzi Jumatatu mchana utabiri ulikuja mbaya. Nikatuma tahadhari saa tisa. Ujumbe 1,420, skrini yote kijani, maana yake umetumwa. Jana alfajiri mtumbwi mmoja wa Lipwaha ukaingia ziwani kutega nyavu za samaki wa mbasa. Mwera ukaukuta mbali na ufuko. Walikuwa wawili. Stephano alishikilia dumu la mafuta mpaka mawimbi yakamtupa kwenye mawe, hai. Mwenzake Sixbert wamempata leo asubuhi.

Mwenye mtumbwi ni Ottilia. Sixbert ni mdogo wake, wa tumbo moja.

Ijumaa, 20 Juni

Bwana Rodrick kaandika taarifa ya tukio kwa ajili ya wafadhili na wilaya. Kanipa nisome. "Tahadhari ilitumwa kwa wavuvi wote waliosajiliwa kijijini (46 kati ya 46). Mmiliki wa chombo alipuuza tahadhari hiyo."

Nikamwambia kwamba yule mama alishalalamika kuwa hapati ujumbe.

"Wewe uliangalia?"

"Niliangalia. Idadi ililingana."

"Basi? Mtu akifiwa hutafuta pa kuegemeza mzigo. Sisi tunaandika kilichopo."

Nikasaini sehemu yangu. Naandika hapa kwamba nilisaini.

Jumanne, 24 Juni, Lipwaha

Nimetumwa kupeleka rambirambi za mradi. Basi la asubuhi mpaka Mbamba Bay, kisha bodaboda ya kuelekea upande wa Liuli. Ziwa limetulia leo kama halikufanya kitu.

Mama Ottilia alikuwa uani amekaa kwenye mkeka na wanawake wawili, kanga nyeusi kichwani. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Natoka kwenye mradi, Mbinga. Naitwa Flavia. Mimi ndiye natuma ujumbe."

Wale wanawake wakanigeukia. Ottilia akaingiza mkono kwenye kanga, akatoa simu, ile ya vibonyezo, akaniwekea kiganjani.

"Nionyeshe."

"Mama?"

"Nionyeshe huo ujumbe. Padri anasema nilitumiwa, mwenyekiti anasema nilitumiwa. Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yetu, alisimama makaburini akasema Ottilia alisoma akapuuza kwa tamaa ya samaki. Wewe ndiye uliyetuma. Nionyeshe."

Simu ilikuwa na ujumbe wa vifurushi, wa shule ya binti yake, wa kwaya. Wa mwezi Machi ulikuwepo bado. Wetu haukuwepo hata mmoja. Mtu anayefuta ujumbe hafuti wetu peke yake akaacha matangazo ya vifurushi.

"Haupo, mama."

"Najua haupo. Nilitaka uone wewe."

Nikatoka pale moja kwa moja kwenda kwa Mzee Wilfred. Sikumpa hata shikamoo. Nilikuwa nimeshaamua: wazee wa kikundi hawakutaka mwanamke mwenye mtumbwi, wakamwandikisha kwa mdomo na kumwacha nje ya orodha. Niliyasema yote hayo mlangoni kwake, majirani wakisikia. Yeye akaingia ndani, akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu, akalifungua ukurasa wa mwisho. Namba 47. Ottilia. Kwa mwandiko wake wa kuunganisha herufi, na namba ya simu sahihi.

"Nilikupigia," akasema. "Tarehe mbili. Ukaniambia nihesabu tena. Nilihesabu tena."

Alhamisi, 26 Juni, Mbinga

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tarehe mbili. Nimefungua faili la Lipwaha kwenye skrini na kuhesabu kwa kidole, jina kwa jina, kama mtoto wa darasa la kwanza. Arobaini na saba. Wa mwisho ni Ottilia. Yumo. Amekuwemo tangu Machi.

Nikauliza ile amri ya kuhesabu. 46.

Nikahesabu tena kwa kidole. 47.

Nikafunga mlango. Nikatengeneza faili dogo kwa simu yangu, kwa njia ileile anayotumia Mzee Wilfred: laini yangu ya kwanza, simu ya ofisi, laini yangu ya pili. Watu watatu. Amri ikasema wawili. Nikaendesha programu yangu. Laini ya kwanza ikalia. Ya ofisi ikalia. Ya pili kimya. Programu ikaripoti: zimetumwa 2 kati ya 2, kijani.

Nikarudi kwenye faili, nikaweka kidole mwisho wa mstari wa tatu, nikabonyeza enta mara moja, nikahifadhi. Hakuna kilichobadilika machoni. Nikaendesha tena. Simu zote tatu zikalia.

Enta moja tu, basi.

Nimeshinda mchana kutwa nikisoma. Kumbe ile amri ya kuhesabu mistari haihesabu mistari kama mimi na wewe tunavyoielewa. Inahesabu alama isiyoonekana ambayo enta huiacha mwisho wa kila mstari. Anayeandika kwenye simu akamaliza jina la mwisho akahifadhi bila kubonyeza enta, jina hilo linakosa alama, na kwa amri hiyo mstari huo haujakamilika, hauhesabiwi. Imeandikwa wazi kwenye mwongozo. Sikuwahi kuusoma. Nani husoma mwongozo wa kuhesabu? Nikafungua hata programu ya amri hiyo nione ilivyoandikwa ndani, nikitegemea ukurasa mmoja. Ni mamia ya mistari, na maelezo ya watu waliobishana miaka mingi juu ya neno ni nini, herufi ni nini, mstari unaishia wapi. Kitu nilichokidharau kuliko vyote kwenye kompyuta ndicho kilichofikiriwa kuliko vyote, na mimi nilikitumia bila kukifikiria hata dakika moja.

Lakini lililonitoa machozi ni lile neno jingine, read, ambalo programu yangu inalitumia kusoma kila mstari. Ikifika kwa mtu wa mwisho asiye na alama, inamsoma. Inalichukua jina lake na namba yake vizuri kabisa. Kisha, kwa kuwa faili limeisha kabla ya alama, inatoa taarifa kwamba imeshindwa, na kitanzi nilichokiandika mimi, yaani ile sehemu inayorudia kusoma na kutuma, kinaposikia imeshindwa kinasimama. Namba ya Ottilia ilikuwa mkononi. Kila nilipotuma. Ilishikwa, ikaangushwa.

Na hesabu niliyoitumia kukagua ilikuwa na upofu uleule. Nilimuuliza shahidi mmoja mara mbili nikadhani nimeuliza wawili.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemwonyesha Bwana Rodrick. Sikumwambia tu, nilimwonyesha kwa simu tatu mezani. Ni mtu mwerevu, alielewa mara moja. Akavua miwani.

"Umeshatengeneza?"

"Nimetengeneza jana. Kitanzi sasa kinamchukua na wa mwisho, na nahesabu kwa njia mbili tofauti."

"Vizuri. Basi imekwisha."

"Haijaisha. Taarifa inasema alipuuza."

Akasimama, akafunga dirisha ingawa lilikuwa limefungwa. "Flavia, nisikilize kama kaka yako. Wafadhili wanaamua mwezi wa tisa kama wataendelea. Ukiandika kwamba mfumo uliua mtu, wanafunga. Wavuvi elfu moja na mia nne watarudi kuangalia mawingu. Utakuwa umemsafisha mama mmoja na kuzamisha wangapi?"

Niliipima hoja yake, kwa sababu ni hoja ya kweli na yeye si mtu mbaya. Kisha nikamuuliza, "Na wao elfu moja na mia nne wanajua kwamba tukikosea tutawasingizia?"

"Hilo halijaulizwa."

"Nimeuliza mimi."

"Kumbuka na jina lako limo. Programu ni ya kwako."

"Ndiyo. Ndiyo maana nitaandika mimi."

Jumatatu, 30 Juni

Nimekagua vijiji vyote. Mafaili tisa yana mtu wa mwisho anayening'inia. Watu tisa. Wote ni wale walioandikishwa mwisho, kwa hiyo wote ni wapya: wanawake wawili, vijana walionunua mtumbwi wa kwanza, mzee mmoja aliyehamia kutoka ng'ambo ya mto Ruhuhu. Nimewapigia mmoja mmoja. Mzee yule alisema, "Nilidhani mmenikata kwa kuwa sikuhudhuria kikao." Kijana mmoja alisema alidhani ujumbe ni wa wanachama wa siku nyingi. Hakuna hata mmoja aliyedhani ni kosa letu. Kila mmoja alikuwa amejitafutia kosa lake.

Hilo limenikasirisha kuliko maneno ya Bwana Rodrick.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeandika taarifa yangu, kurasa mbili. Niliyoyafanya, niliyoyaacha, simu ya tarehe mbili Juni na majibu niliyompa Mzee Wilfred. Nimefuta saini yangu kwenye ile ya kwanza. Nimepeleka kwa wafadhili, kwa ofisi ya uvuvi ya wilaya, na nakala mezani kwa Bwana Rodrick, mkononi, si kwa kuviziana.

Saa nane nimepewa barua. Nimesimamishwa kazi "kwa kukiuka taratibu za mawasiliano".

Nimebeba kikombe changu na koti.

Jumatatu, 7 Julai, Mkumbi

Sabasaba. Nachuma kahawa na mama. Kaniuliza kama nimefukuzwa, nikasema nimesimamishwa. Akasema, "Basi simama vizuri, shika na hili tawi."

Jumapili, 13 Julai

Mzee Wilfred kapiga. Kuna mkutano wa kijiji Jumamosi. Nikamwomba radhi, kwanza kwa tarehe mbili, kisha kwa kumtukana mlangoni kwake. Akasema la kwanza amelisamehe. La pili nije nilisemee palepale nilipolitendea.

Jumamosi, 19 Julai, Lipwaha

Nimefika saa tano. Nimeanzia mlangoni kwa Mzee Wilfred, nikasema kwa sauti, majirani walewale wakisikia, kwamba nilimsingizia. Akanipokea begi.

Mkutano ulikuwa nje ya ofisi ya kijiji, watu kama mia mbili. Mwera ulikuwa unavuma, si mkali, lakini unapeperusha karatasi. Mwenyekiti akaniuliza nazungumza kwa niaba ya nani, maana amepigiwa simu kutoka Mbinga kwamba mimi si mfanyakazi tena.

"Kwa niaba yangu," nikasema. "Kosa ni langu, sihitaji kibali cha mtu kulisema."

Wengine wakaguna. Mwenyekiti akatazama wazee, kisha akaniashiria niendelee.

Sikueleza mambo ya kompyuta kwa kompyuta. Niliomba daftari la Mzee Wilfred. Nikawaambia: tuseme mmempa mtu kazi ya kuita majina haya, na amezoea kwamba kila jina lina nukta mwishoni. Ameita arobaini na sita. Amefika la arobaini na saba, amelisoma kimoyomoyo, halina nukta, akafunga daftari bila kuliita. Mkamuuliza umeita wangapi? Wote. Walikuwa wangapi? Akahesabu nukta. Arobaini na sita. Mtu huyo ni mashine niliyoiandika mimi. Mzee Wilfred alinionya. Mimi ndiye niliyekataa kusikia.

Shemeji yake Ottilia akasimama nyuma. "Kwa hiyo unasema nini? Sema kwa kifupi."

"Nasema Mama Ottilia hakupuuza tahadhari. Hakutumiwa."

Ottilia alikuwa amekaa mbele upande wa wanawake, mikono mapajani. Hakunitazama. Akasema, "Rudia."

"Mama Ottilia hakupuuza tahadhari. Hakutumiwa."

"Wa nyuma hawajasikia. Upepo."

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti mpaka koo likauma. "Ottilia hakupuuza tahadhari! Hakutumiwa!"

"Sasa mwambie na yule," akasema, akionyesha kwa kidevu kule alikosimama shemeji yake. "Mwambie kwa jina lake."

Nikamwambia kwa jina lake. Yule bwana akavua kofia, akaishika kifuani. Stephano, aliyenusurika na dumu, akaanza kulia wazi, mwanamume mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya mkutano nilimfuata Ottilia. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nilikuwa hata na maneno. Akanizuia kwa mkono.

"Leo umesema ukweli. Hilo limetosha leo. La Sixbert usiniombe njiani."

Jumatano, 30 Julai, Mkumbi

Kahawa. Mikono imekuwa myeusi. Hakuna simu.

Jumatatu, 4 Agosti

Mtu wa wafadhili amefika Mbinga, amekaa siku tatu. Kaniita. Kaniuliza maswali mengi kuhusu yale mafaili tisa, na moja tu kuhusu mimi: kama ningefanya tena. Nikasema ndiyo, ila mapema zaidi. Bwana Rodrick alikuwepo. Alipoulizwa kama niliyoandika ni kweli, akasema, "Kila neno." Alisema bila kusitasita. Nimeshindwa kumchukia na sitajaribu tena.

Jumatatu, 11 Agosti

Mradi unaendelea. Taarifa ya kwanza imeondolewa, yangu imewekwa mahali pake. Nimeitwa kazini. Barua ina vipengele vitano. Cha nne kinasema sitazungumza na wanakijiji kuhusu hitilafu yoyote bila kibali cha maandishi.

Nikamwambia Bwana Rodrick sisaini hicho.

"Ni barua ya kawaida tu, Flavia. Wote tumesaini."

"Basi wote mwombe kifutwe."

Nikachukua kalamu, nikakikata mstari kipengele cha nne, nikaweka herufi za jina langu pembeni, nikasaini chini. Akaitazama ile karatasi. Akaichukua, akaipiga muhuri, akaiweka kwenye jalada. Nikaketi.

Alhamisi, 14 Agosti, Mbinga

Utabiri: mwera mkali kesho, pengine wa mwisho mwaka huu. Nimehesabu kwa amri. Nimehesabu kwa kidole, vijiji vyote thelathini na kimoja, saa mbili nzima, huku wenzangu wakinicheka. Watacheka mpaka msimu uishe, na msimu ujao nitahesabu tena. Nimetuma saa sita.

Saa sita na dakika nne simu yangu ikalia.

"Ni Ottilia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika. Nimeusoma. Mtumbwi mpya nimeuvuta juu."

"Asante, mama."

Nikasikia watu wakiongea nyuma yake, na mbuzi. Nilidhani amekata.

"Flavia."

"Bee, mama."

"Bado sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Lakini tuma. Usiache kutuma."